Tulivyokuwa Tukiitika Taa

Wenzangu mliopanga foleni ya mchele pamoja nami, mnakumbuka betri za tochi zilivyokuwa adimu. Zikiisha tukizianika juani karibu na dagaa, zipate roho ya siku mbili tatu. Leo mjukuu wangu Ruwaida ana kibao cha umeme kidogo kuliko biskuti, kakinunua rahisi, anakiandikia maneno kwenye kompyuta, kitaa kinawaka na kuzimika. Ananambia, "Hili ndilo somo la kwanza, bibi." Somo hilo mie nilishalisoma mtaani kwetu Malindi, na darasa la nne sikumaliza.

Bibi yangu, Bi Mwanakhamis, alipigwa na kiharusi, sauti ikamwisha. Alilala ghorofani, na mama kutwa yuko chini uani na masufuria. Bibi akitaka maji hana namna ya kuita. Siku moja akajaribu kushuka mwenyewe, akaanguka ngazini. Mama akasema, "Akianguka tena, hatutakuwa naye."

Dada Time, mtoto wa shangazi, akaenda mtaa wa Mlandege kwa Hamdani, fundi redio, akarudi na glopu ya tochi na waya mkuukuu. Tukafunga betri mbili kwenye ubao wa kisanduku cha chai. Swichi tukakata bati la kopo la maziwa, tukamwekea bibi mkononi. Waya ukateremka dirishani hadi uani, glopu ikaning'inia mbele ya mama. Bibi akibonyeza mara moja, njoo. Mara mbili, maji. Akishikilia, anataka kugeuzwa.

Taa ikawaka, mie mbio na gilasi ya maji. Nafika juu, bibi bado anabonyeza, machozi yanamtoka. Hajui kama tumeona. Kwetu mtu akiitwa huitika kwanza, mwanamke "labeka", mwanamme "naam", ndipo ainuke. Sie tuliinuka kimya, maana taa si mtu. Mama akatugombeza, "Hiyo taa ndiyo bibi yenu. Iitikeni."

Basi ikiwaka tu, sote uani, "Labekaa, bibi." Jirani yetu Bi Zuwena akatucheka dirishani kwake. "Jamani, watoto wa Bi Asha siku hizi wanaitwa na glopu."

Mama akamjibu, "Na wewe mumeo akikuita, uitike hivyo hivyo."

Kisha betri zikafa kabisa, hata jua halikuzifaa, na madukani hakuna. Mama akatwambia, kila tukimaliza kijikazi tunyanyue uso dirishani tuseme "Labeka, bibi", hata kama hakuita, halafu mmoja wetu apande. Tuliitika hivyo mpaka makoo yakakauka. Bibi hakujaribu tena kushuka. Alikufa kitandani kwake, Time kamshika mkono.

Nshachoka sasa, magoti hayataki. Ruwaida mtoto mzuri, lakini masikio kayaziba na vijidude vya muziki. Juzi nikamwita, nikamwita tena. Kitaa chake mezani kinawaka, kinazimika, hakimwiti mtu. Nikainuka taratibu, nikajitilia maji mwenyewe. Nilipopita mlangoni akanyanyua kichwa.

"Bibi, uliniita?"

"Hapana, mwanangu," nikamwambia. "Fanya kazi yako."