Antena ya shaba niliyoichora Wote, na goti la mama kule Zombe

Wakuu, salamu kutoka mjini Wote. Hii imenikaa kifuani, na sitaongeza chumvi hata punje.

Mimi ni fundi wa simu. Mama anaishi nyumbani, upande wa Zombe. Pampu ya kisima iko karibu na nyumba, lakini tangi liko juu kilimani.

Kila akiwasha pampu lazima apande aone kama tangi limejaa, la sivyo maji yanamwagika bure. Na goti lake limeisha. Siku moja aliteleza akashuka kwa makalio. Niliumia sana.

Nikaamua kutengeneza vifaa viwili vinavyoongea kwa redio, kimoja kwa tangi, kingine jikoni. Tangi likijaa, taa ya jikoni inawaka.

Board, kile kibao cha kubebea vipuri, nilichora kwa kompyuta, kwa software ya bure. Antena sikununua. Niliichora hapo hapo kwenye board, mstari wa shaba uliokunjwakunjwa kama njia ya mbuzi mlimani.

Sasa hapa Ukamba wangu ukaniponza. Kwetu shamba halikai bure, hata ukingo wa matuta tunapanda ndengu. Nikaona upande wa nyuma wa board, chini ya antena, kuna nafasi tupu. Nikaijaza yote shaba ya ground, ile ya kurudishia umeme. Software ikasema zero errors. Nikajipongeza!

Board zikafika kutoka kiwandani baada ya wiki tatu. Mama alikuwa ameshatangaza kanisani.

Tukajaribu. Nikabeba kifaa cha tangi kuelekea kilimani, yeye akiangalia taa ya majaribio jikoni, inayowaka mradi mawimbi yanafika. Nilipofika langoni akaita, imezima. Langoni, wakuu!

"Si neno, mwana wakwa," akasema, akachukua fimbo yake ya kupandia kilima akaenda kuangalia tangi.

Hiyo "si neno" iliniuma kuliko matusi.

Kurudi Wote nikasoma karatasi ya maelezo ya ile chip ya redio, ambayo nilikuwa nimeiruka. Imechorwa wazi kabisa: chini ya antena na kando yake paachwe patupu, maana shaba hapo huziba mawimbi. Nikachukua wembe, nikabandua shaba ya nyuma polepole hadi vidole vikafa ganzi.

Jumamosi nikapanda hadi kwa tangi. Mama akanipigia simu.

"Bado inawaka! Kwani umeongeza nini?"

"Sijaongeza, mama. Nimetoa."

"Umetoa, na ikapata nguvu?"

Nilikaa chini kando ya tangi. Kamstari ka shaba, ukikanyoosha ni kama kidole changu cha kati, hakana waya wa kwenda popote, na kanaongea na jikoni kupita miti yote ile. Nimefungua simu miaka mingi, na bado nilishangaa kama mtoto.

Tangi lilipojaa mara ya kwanza na taa ikawaka, mama alipanda bado, eti ahakikishe haidanganyi. Akakuta maji yako ukingoni.

Funzo langu: soma karatasi kwanza, na si kila nafasi tupu inangoja kujazwa. Nyinyi mliochora antena zenu, zinafika wapi? Na mliharibu wapi kwanza? Semeni bila aibu, mimi nimeshaanza.

Ile fimbo nimeikuta wiki hii nyumbani. Siku hizi inashikilia mlango wa banda la kuku.