Pikapu Niliyosema Imeungua

Naomba nianze kwa kusema kwamba nilikuwa wakili mzuri. Nasema mapema kwa sababu nikimaliza kusimulia hamtaamini, na watu wengi wa Morogoro hawajaamini mpaka leo. Wakiniona napita wananyamaza kwanza, halafu wanacheka nikishasogea kidogo, wanadhani sisikii.

Nilianzia serikalini, mwendesha mashtaka, enzi zile za kusaka walanguzi, na niliwahi kumfikisha mama mmoja mahakamani kwa kuficha sabuni chini ya kitanda (sabuni ya kufulia, jamani, na mimi nikasimama nikaieleza kama vile alikuwa ameficha mizinga). Halafu ikaja ruksa ya biashara huria, sabuni ileile ikawa inapigiwa debe barabarani, viwanda vya umma vikaanza kuuzwa, na mimi nikagundua kuwa mabosi niliokuwa nawachunguza walihitaji sana mtu anayejua wachunguzi wanafikirije. Nikaacha kazi, nikafungua ofisi Mwembesongo juu ya duka la mitumba, nikaanza kuwatetea. Uzalendo wangu haukupungua hata kidogo, ulihamia tu upande wa pili wa chumba cha mahakama.

Mteja wangu mkubwa wakati huo alikuwa Bwana Mloka, aliyekuwa meneja wa kiwanda cha vifungo vya mashati. Kiwanda kilipokuwa kinakabidhiwa kwa mwekezaji ikaonekana pikapu moja haipo. Bwana Mloka akasema iliungua njiani, karibu na Mikese, na mabaki yakachukuliwa na watu wa chuma chakavu. Serikali haikumwamini, ikamshitaki kwa wizi, akawekwa mahabusu. Mimi nilimwamini. Kuamini ndiyo kazi yangu, na moto ule aliueleza vizuri mno, mpaka harufu ya matairi nikawa naisikia.

Mpelelezi wa kesi alikuwa Inspekta Makoye, mtu mpole, anaongea taratibu utadhani anasinzia. Alikuwa ameitafuta pikapu ile kila mahali akaikosa, na kwa sababu hiyo siku ya mkasa nilikuwa nakwenda kumwomba hakimu amwachie mteja wangu, kwa hoja kwamba hana kesi ya kujibu. Hotuba nilikuwa nimeifanyia mazoezi mbele ya kioo, na mikono yake yote.

Asubuhi hiyo gari langu likagoma hapohapo Mwembesongo. Nimefungua boneti, nimevaa suti, naangalia injini kama mtu anayeijua, mara akasimama Mzee Kobelo, shemeji yake Bwana Mloka, kaka wa mkewe, mkulima wa Mlali. Alikuwa ametoka kushusha kabichi sokoni. Nikamwamkia, akaitikia, akasema hawezi kuendelea na safari zake huku wakili wa shemeji yake anahangaika juani, nichukue pikapu yake niwahi, yeye angenifuata kwa miguu. Akanionya kitu kimoja tu, kwamba betri imekufa, nikizima nizimie kwenye mteremko.

Mimi, ambaye nalipwa kwa ajili ya kuuliza maswali, nikauliza swali moja. Niliuliza kama ina mafuta.

Nikafika mahakamani nimechelewa, uwanja umejaa, nikaegesha palipobaki, yaani kwenye tambarare, mbele kabisa ya geti. Nikakung'uta majani ya kabichi kwenye suruali, nikaingia.

Siku ile niliongea, ndugu zangu. Nikamwambia hakimu (mama mmoja mkavu ambaye sikuwahi kumwona akitabasamu) kwamba Jamhuri inamtesa mtu mwaminifu kwa ajili ya majivu. Nikamgeukia Inspekta Makoye, nikauliza ni upelelezi gani huu wa kulitafuta gari lililokwisha kuungua. Halafu, kwa kuwa watu kwenye mabenchi walikuwa wananiangalia kwa heshima na heshima hulevya, nikaongeza jambo ambalo halikuwemo kwenye mazoezi.

"Mheshimiwa, Jamhuri ikituonyesha hata skrubu moja ya pikapu hiyo, mimi nitafunga ofisi."

Kizimbani Bwana Mloka alitikisa kichwa kwa uchungu wa mtu aliyeonewa. Alikuwa amezoea.

Hapo ndipo karani alipoingia akamnong'oneza hakimu, naye akatutangazia kuwa kuna pikapu ya kijani imeziba geti na karandinga linataka kutoka kwenda kuchukua mahabusu wengine. Nikasimama na tabasamu la mtu mwenye gari, nikaomba radhi, nikaomba ruhusa ya kutoka.

Nje gari likakataa kuwaka. Dereva wa karandinga anapiga honi, watu wanatoka kwenye mabenchi kuja kuangalia, na mimi badala ya kunyamaza nikaanza kuomba msaada wa kusukuma. Wa kwanza kuja alikuwa Inspekta Makoye. Nilimtukana ndani mbele za watu, na yeye akavua kofia, akakunja mikono ya shati, akaweka viganja kwenye mlango wa nyuma akaanza kusukuma. (Nilifurahi kimoyomoyo. Nilifikiri, huyu leo nimempa kazi anayoiweza.)

Gari likasogea kidogo, likasimama. Nikachungulia dirishani kumhimiza, nikamwona ameinama, pua karibu iguse bati, anasoma. Ile rangi ya kijani ilikuwa imepakwa mara moja tu, kwa haraka, na kwa mtu aliyeukaribia mlango kiasi kile, maandishi ya zamani yalionekana chini yake. Akayasoma kwa sauti, taratibu, kama kawaida yake.

"Mali ya Kiwanda cha Vifungo."

  Inspekta akatoa kalamu, akazunguka kuja mlangoni kwangu, akaniomba kwa adabu zote nisishuke kwanza, niendelee kushika usukani hivyohivyo mpaka mpiga picha wake afike.

Picha zilipokwisha kupigwa tukarudi ndani. Hakimu akaisikiliza taarifa mpaka mwisho, akavua miwani.

"Wakili, leo umekuja mahakamani na nini?"

Nikasema, "Na pikapu, Mheshimiwa."

"Ipi?"

Nimesoma sheria miaka mingi na nawaambieni hakuna mahali walipofundisha jibu la swali lile. Nikasema, "Ile iliyoungua." Mabenchi yakaangua kicheko, na hakimu, mama yule mkavu, akainamisha uso mezani mabega yakimtikisika.

Ombi langu likatupwa. Pikapu ikawa kidhibiti, mimi nikawa shahidi wa Jamhuri, na shahidi hawezi kuwa wakili, kwa hiyo nikajitoa kwenye kesi jioni hiyohiyo, baada ya kuandika maelezo polisi (mimi, niliyekuwa nawafundisha wateja namna ya kukataa kuandika maelezo). Mzee Kobelo alipoona umati getini alipitiliza hadi milimani, na alipokuja kupatikana alisema gari aliachiwa alitunze tu, na rangi alipaka ili lisipate kutu. Bwana Mloka alikiri kosa, akafungwa. Alipokuwa anashushwa kizimbani siku ile ya mkasa alisimama mbele yangu, wala hakukasirika, alionekana amechoka tu.

"Nilikuweka unitetee," akasema, "wewe ukaniletea ushahidi. Tena ukauendesha mwenyewe."

Ofisi sikufunga, ingawa kuna waliopanda ngazi kuniuliza nafunga lini. Lakini niliapa kutopanda tena gari la mtu kabla sijajua limetoka wapi, na kiapo hicho nimekishika. Juzi mvua ilinikuta barabarani, shehe wa mtaa wetu akasimamisha gari akaniita niingie. Nikamwamkia, nikamwomba kwanza kadi ya gari. Akacheka sana. Mimi nilisimama palepale nalowa, mpaka alipoitoa.