Ua la Jabali la Mkonze

Niliondoka Bagamoyo kwa ajili ya ua. Msicheke. Mdachi mmoja, mtaalamu wa mimea, alisikia kwamba katika majabali ya Ugogo kuna ua la zambarau lisiloota kwingine, akataka kulipachika jina lake mwenyewe kabla Mdachi mwenzake hajaliwahi. Mimi nilisoma Kidachi shuleni, na mama yangu ni Mgogo. Nikachukuliwa niwe mkalimani.

Njia yote hadi Mpwapwa kazi yangu ilikuwa kutafsiri matusi. Bwana akiwaita wapagazi nguruwe, mimi husema, "Bwana anaomba tukaze mwendo." Wao humjibu maneno nisiyoweza kuyaandika, nami humwambia, "Wanakushukuru, Bwana." Tukasafiri kwa amani.

Ihumwa tulipata maji kidogo, yenye rangi ya matope. Bwana alilowesha kwanza mimea aliyoikusanya njiani. Sisi tukanywa yaliyobaki.

Mkonze tulipokewa na mfugaji aitwaye Chilongani. "Mbukwenyi!" alitusalimu, akatukaribisha ugali wa uwele na mlenda. Kisha akaniuliza, "Ua hilo linatibu nini?"

"Halitibu kitu."

"Linaliwa?"

"Haliliwi."

Akamtazama Bwana kwa huruma. "Maskini. Kwao hakuna ndugu wa kumzuia?"

Asubuhi Chilongani akatupeleka juu ya jabali. Ua lilionekana chini yetu, limejibana katika ufa wa mwamba. Bwana akamnyooshea kidole Sefu, mpagazi Mrangi wa Kondoa: ashuke kwa kamba, au apigwe kiboko, hamsa ishirini, yaani mara ishirini na tano. Sefu akasema Bismillahi, akashuka.

Alilichuma. Papo hapo jiwe alilokanyaga likang'oka, naye akabembea na kugonga mwamba kwa bega. Tulisikia mfupa ukilia. Bwana akalala kifudifudi ukingoni, akipiga kelele.

"Anasema nini?" Sefu aliuliza kutoka chini, akiugulia maumivu.

Safari hiyo nilitafsiri sawasawa. "Anauliza kama ua limevunjika."

Sefu akafumbua kiganja. Ua likaenda zake korongoni.

Tulipomvuta juu, Bwana alikuwa ameshika kiboko. Chilongani akasema kwa upole, "Mwambie lipo lingine, chini zaidi. Lakini pale hafiki mtu ila anayelipenda kweli."

Nikamwambia. Tamaa ikamshinda, akajifunga kamba mwenyewe, tukamteremsha. Alipofika katikati mikono yetu ilichoka, tukaamua kupumzika.

"Tafadhali!" alilia, kwa Kiswahili. Sikujua kuwa analijua neno hilo.

Nikainama. "Bwana, watu wanauliza kama Sefu atapigwa."

"Hapana! Hapana! Wallahi!"

"Na wengine?"

"Hakuna atakayepigwa!"

Tukamshusha hadi chini, akachuma ua lake, tukampandisha. Alitokea amelibana kwa meno kama mbuzi.

Tulimwacha Sefu kwa Chilongani atibiwe. Tulirudi pwani bila mtu kuguswa na kiboko, maana kamba niliibeba mimi, na kila Bwana alipokasirika niliikunjua na kuikunja tena.

Sasa ua lina jina la Mdachi, refu, lisilotamkika Mkonze nzima. Sefu nilikutana naye baadaye sokoni Kondoa. Mkono haukunyooka tena, na hakuna kitu kilichopewa jina lake. Nami nilijifunza hili: hata aliye mkali kiasi gani anajua kuomba, mradi miguu yake haigusi chini.