Hajra na Shahada ya Kuzamia

Ukimkuta Hajra Mrisho kwao Mlingotini wakati wa likizo, amejifunga kanga kiunoni, anapaa samaki uani na kubishana na mama yake kuhusu chumvi, utaapa kwamba shule aliiona kwa mbali tu. Hana makuu. Anacheka kwa sauti, anakula kwa mkono, na akisalimia anasalimia nyumba nzima mpaka kitoto cha mgongoni. Ila ana aibu moja ambayo kwa mtoto wa pale si ndogo: anaogopa maji. Utotoni wimbi lilimbwaga akameza bahari ya kutosha, na tangu siku hiyo yeye na bahari wamekubaliana mwisho ni magotini.

Sasa mtoto huyo mwoga wa maji amezaliwa na nani? Na Mzee Mrisho, mzamiaji. Ujana wake wote Mrisho aliumalizia chini ya maji akitafuta kamba kochi kwenye miamba, na sikio lake la kushoto lilifia hukohuko. Ukitaka kuongea naye lazima ukae kuliani kwake, la sivyo utajibiwa tabasamu. Vijana wa siku hizi hawaitaki kazi ile, nao hawana kosa. Lakini mzee ilikuwa ikimuuma kwamba katika watoto wake wote hakuna hata mmoja aliyejua kushika pumzi.

Hajra alisoma mpaka akamaliza shahada ya pili, kisha akachaguliwa kusoma ya tatu katika chuo kimoja huko Morogoro. Na shahada hiyo ya tatu, wataalamu wetu wa lugha, Mungu awape afya njema, wameipa jina la uzamivu. Sijui siku ile walikunywa chai gani. Hajra alimpigia baba yake simu, furaha imemjaa mpaka anapiga kelele.

"Baba, nimepata nafasi! Nakwenda kusomea uzamivu!"

Upande wa pili upepo ulikuwa ukivuma ndani ya simu.

"Kuzamia?" aliuliza mzee.

"Uzamivu, baba! Uzamivu!"

"Alhamdulillahi," alisema Mzee Mrisho. "Nilidhani kazi hii inaondoka na mimi."

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusahihisha. Hajra alifungua kinywa asahihishe, akasikia baba yake anapenga kamasi upande wa pili, na kinywa kikajifunga chenyewe. Nani angeweza? Alijiambia atamweleza vizuri akienda nyumbani. Alipofika nyumbani, kijiji kizima kilishapata habari.

Basi ikawa ndiyo hivyo. Akipita, anaitwa. Wazee waliokuwa wakizamia na baba yake walimpa nasaha za kutoa maji masikioni. Mzee Abuu, rafiki mkubwa wa baba yake na mtu asiyejua kunong'ona, alikuwa akimuuliza hadharani, "Mwanangu, huko mnashuka kina gani?" Naye Hajra, msomi mzima, alikuwa akijibu, "Inategemea, ami." Chuo ni chuo, hakuna aliyeuliza kiko mji gani. Na huku yeye alichokuwa anasomea, miaka yote hiyo, ni mananasi.

Ndiyo, mananasi. Kule bara ya Bagamoyo yanakolimwa kwa wingi, mashamba yalikuwa yakinyauka, majani yanakuwa mekundu kisha yanalala, na Hajra alikuwa akichunguza sababu yake. Ni kazi ya maana kabisa. Lakini jaribu wewe kwenda kumwambia mzamiaji mzee kwamba mrithi wake anashinda amechutama shambani.

Uongo wa kunyamaza una tabia ya kungoja siku yenye watu wengi. Chuo kilikuwa na utaratibu wa kuwatoa wanafunzi wa uzamivu mbele ya watu wa kawaida: kila mmoja asimame aeleze utafiti wake kwa dakika tatu, kwa Kiswahili, na picha moja tu ukutani, na mwisho watajwe washindi. Kila mara walichagua mji tofauti. Safari hii walichagua Bagamoyo, ukumbi mmoja pale Dunda, na gari la matangazo likapita mpaka Mlingotini likitaja majina ya washiriki.

Hajra alipolisikia hilo hakulala vizuri tena. Kushindwa hakukumtisha. Alichoogopa ni baba yake kuumbuka mbele ya wenzake, mzee wa umri ule achekwe barazani kwamba alidanganywa na binti yake mwenyewe. Alifikiria kuomba atambulishwe kama mwanafunzi wa udaktari, maana shahada hiyohiyo huitwa hivyo pia, akakumbuka kwamba Dunda nzima ingemletea miguu iliyovimba. Asubuhi ya siku yenyewe alimfuata mama yake jikoni.

"Mama, leo baba ataaibika."

"Kwa lipi?" Bi Ashatu alikuwa anapepeta mchele na hakunyanyua kichwa. "Wewe kaseme ya kwako. Ya baba yako mwachie baba yako."

Wanaume wa Mlingotini walifika Dunda na kirikuu cha kukodi, kile kigari kidogo cha mizigo, wamejipanga nyuma na kanzu zao, Mzee Mrisho katikati. Walichukua safu ya mbele kana kwamba ni harusi ya kwao. Nyuma yao walikaa akina mama wa mjini, wenye maduka na wenye magenge, waliokuja kwa sababu palisemwa kutakuwa na soda.

Wa kwanza kupanda alikuwa kijana mmoja anaitwa Ibrahimu, mtu wa mabomba ya maji. Maskini, alikuwa amefundishwa asipoteze hata sekunde. Akapanda na kuanza moja kwa moja: "Tatizo la uvujaji wa mabomba mijini..."

"Waalaikumu salaam!" waliitikia akina mama kwa pamoja.

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Ibrahimu akasimama, akajikuna, akatoa salamu. Ikaitikiwa. Akaulizwa hajambo, na nyumbani hawajambo, na mama je. Mpaka wanamruhusu arudi kwenye mabomba, kengele ikalia. Alishuka anacheka mwenyewe, na wakampigia makofi mengi kuliko ambayo angepata kwa mabomba.

Kisha msema chochote, yule mshereheshaji, akatangaza: "Sasa tunaye Hajra Mrisho, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu!" Safu ya mbele ikapiga makofi mpaka viti vikalia. Mzee Mrisho hakupiga. Alikuwa amegeuza kichwa, sikio la kulia limeelekezwa jukwaani.

Hajra alitoa salamu kamili, kwa kuwa ana macho. Halafu ukutani ikatokea picha ya nanasi.

Kwa Kiingereza alikuwa na maneno makubwa ya kujaza nusu saa. Siku zote za maandalizi alikuwa akiyaondoa moja moja, na yote yalipokwisha alibakiwa na sisimizi. Akasimulia habari zao. Akasema nanasi linanyauka kwa sababu ya mdudu mdogo mweupe, ukimwona utadhani ni unga umemwagika, anayefyonza maji ya shina na kuliachia ugonjwa. Mdudu huyo ni mzito, hawezi safari, hana ulinzi. Sasa anafikaje shamba la pili? Anabebwa. Sisimizi wanamchukua mdomoni, wanamhamishia kwenye shina bichi, wanamkinga na maadui zake, na yeye anawalipa kwa utomvu mtamu anaoutoa nyuma. "Wanamfuga," alisema Hajra. "Wanamtoa malisho haya wanampeleka malisho yale. Tumehangaika miaka tukimpiga ng'ombe dawa, mchungaji tumemwacha." Akaonyesha jinsi walivyowazuia sisimizi katika mashamba ya majaribio, na mananasi yakasimama. Mwanamke mmoja wa Kerege mwenye shamba alipiga yowe, "Loo, kumbe ndiyo wale!" Kengele ilipolia Hajra alikuwa amemaliza na pumzi bado anayo.

Makofi yalikuja, lakini safu ya mbele ilikuwa inatazamana. Kila mshiriki aliruhusiwa swali moja. Mzee Abuu alishasimama kabla hajaruhusiwa.

"Mwanangu, umesema vizuri sana. Lakini huo uzamivu wenyewe uko wapi? Au unazamia kwenye mananasi?"

Ukumbi mzima ulicheka.  Hajra angeweza kusema tena inategemea, na pengine wangecheka yakaisha. Lakini alikuwa amechoka na lile neno.

"Ami Abuu, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Uzamivu ni jina tu la shahada. Maana yake umesoma jambo moja mpaka chini kabisa. Kuzamia sijui. Kuogelea kwenyewe sijui, maji nayaogopa mpaka leo. Kosa ni langu, sikusema mapema. Baba yangu hana kosa lolote."

Wengine walicheka zaidi, wengine wakasema "masikini". Hajra hakuthubutu kutazama katikati ya safu. Alishuka, akakaa, na washindi walipotajwa hata hakusikia kwamba yeye alikuwa wa pili. Ilibidi mwenzake amsukume kwa kiwiko.

Nje, watu walipokuwa wakigombea soda, alimkuta baba yake amekaa peke yake kwenye kibaraza cha ukumbi. Hajra akaketi kuliani kwake, magoti pamoja, kama mtoto aliyevunja chungu.

"Baba, nisamehe."

"Nikusamehe nini?"

"Nimekuaibisha. Ulidhani miaka yote nasomea kuzamia."

Mzee Mrisho alimtazama, na pembe za macho yake zikaanza kukunjamana.

"Hajra, mwanangu. Wewe unadhani baba yako hajui kwamba Morogoro hakuna bahari?"



"Siku ile ya simu sikujua, kweli," aliendelea mzee. "Lakini mwaka wa kwanza haukwisha kabla sijajua. Nilimuuliza mwalimu mmoja wa pale shuleni akanifafanulia, na mama yako nikamwambia."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nilisema! Nilikwenda barazani nikawaambia, jamani nilikosea, Hajra anasomea mananasi. Wakasema, aa, vizuri, wakarudi kwenye bao lao. Siku ya pili hakuna aliyeuliza. Ya tatu, kimya. Ya nne nikawaambia, hapana, nimepata habari mpya, ni kuzamia kwelikweli." Alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka. "Tangu hapo hawajaniacha. Kila ninapopita, Mrisho, habari za mzamiaji wetu? Mrisho, binti kashuka wapi safari hii? Na wewe ulikuwa huji ila sikukuu kwa sikukuu, mama. Mtu akiniuliza habari zako, ilikuwa kama siku hiyo umekuja."

 Hajra akaushika mkono wa baba yake, ule mkono mgumu wa makovu ya miamba, akalia bila kujificha, palepale kibarazani mbele ya Dunda nzima. Alikuwa na furaha, na alikuwa na huzuni ya zile sikukuu alizokuwa haji, na hakujaribu kuvitenganisha.

"Sasa nimeharibu," alisema alipopata sauti. "Hawatauliza tena."

Kabla mzee hajajibu, sauti ya Mzee Abuu ilivuma kutoka kwenye kirikuu, ambako wanaume wa Mlingotini walikuwa wamekusanyika na chupa zao za soda wakibishana.

"Mrisho! Wee Mrisho! Hebu muulize mwanao, wale majimoto, sisimizi wekundu wa kwenye minazi wanaotuuma, nao wanafuga?"

Mzee Mrisho alikaa wima. Aliinua mkono kuwaashiria wangoje, uso umemchangamka, akamwinamishia binti yake sikio zima.

"Umesikia? Haya, niambie polepole," alisema. "Nikawajibu."