Khanga Kwenye Karo la Wavulana

Mzaha ule niliutoa mimi, na sikuwa na nia mbaya. Ilikuwa Jumamosi mchana, miaka ya tisini, chuoni Moshi. Nilikwenda kwenye karo nyuma ya bweni letu nikiwa na ndoo na kipande cha sabuni ya mche. Nikamkuta beki wa timu ya chuo, kijana wa Kahe mwenye mabega kama mlango, ameinama anafua khanga.

"Kumbe umeoa na hatuna habari!" nikamwambia.

Wenzetu wawili waliokuwa wanaanika wakacheka. Yeye hakucheka.

"Ni za mama," akasema. "Amelazwa hospitali ya Mawenzi, wiki ya tatu sasa. Dada zangu wameolewa mbali. Nafua saa za chakula ili msinione. Nimechoka, bwana."

Kisha akaketi kwenye ukingo wa karo, akafunika uso kwa mikono yenye povu, akalia. Sikuwahi kumwona mwanaume wa umri wangu akilia mchana. Kwetu Sanya Juu, hata msibani tulifundishwa kusimama nyuma ya nyumba na kukohoa. Nikachukua ile khanga nikaendelea kuifikicha pale alipoachia, nikiona aibu mpaka masikioni.

Mmoja wa wale waliocheka alikuwa mtu mzima kuliko sisi, mwalimu aliyerudi kusoma, ana mke na mtoto mchanga nyumbani. Akaja akatia mikono kwenye maji.

"Lete nisuuze," akasema. Kisha, bila kumtazama yeyote: "Mimi mwanangu bado sijambeba. Naogopa nitamwangusha. Namwambia mama yake nina kazi."

Basi tukaongea mpaka nguo zikakauka.

Jumamosi iliyofuata tulirudi wanne, na iliyofuata sita. Mvua za masika zilipoanza, tulikwenda kwa mlezi wa bweni kuomba chumba cha kupigia pasi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ni kikundi cha dini?"

"Hapana."

"Cha michezo?"

"Cha kufua," akasema yule beki, na mlezi akacheka sana. Lakini ufunguo akatupatia.

Tulikuwa na sharti moja tu: linalosemwa humo halipelekwi bwaloni. Wapo waliotuita kina mama, na juma la kwanza liliniuma. Baadaye wawili kati ya hao walianza kuja na mashati yao, wakidai pasi ya humo ndiyo nzuri.

Mama wa yule beki alipona. Siku aliyoruhusiwa alipitia chuoni, akauliza ni nani aliyekuwa anamsaidia mwanawe kufua. Nikajitokeza kifua mbele.

"Mwanangu, asante sana," akasema. "Ila ile nyekundu umenichujia rangi yote."

Tulicheka mpaka mlezi akatoka kutazama.

Mimi nilichelewa kusema la kwangu. Baba alikuwa amepunguzwa kazi kiwanda kilipouzwa, akawa haongei, nami likizo nilikuwa nazurura ili nisikae naye. Niliposema hayo, yule mwalimu aliuliza tu: "Umewahi kumuuliza anajisikiaje?"

Sikuwahi. Likizo ile nilimfuata mgombani, nikamsaidia kupunguza majani makavu. Tulipofika mgomba wa nne hivi nikasema, "Baba, habari za shamba nimeziona. Zako wewe je?"

Alikata majani mengine matatu. Kisha akasema asubuhi ndizo ngumu, kwa kuwa bado anaamka saa ya kwenda kazini, na akishavaa viatu hajui aelekee wapi. Alisema na mengine. Mama alituita mara mbili tuje kula kiburu, ndizi zake na maharage vikapoa jikoni, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kuondoka pale.