Ndimu Juu ya Kitara

Athmani bin Aidarus alikuwa fundi wa majambia na panga, na chumba cha mbele cha nyumba yake, pale Kibokoni, ndicho kilichokuwa karakana. Vita vikubwa vilikuwa vimekwisha, watu wameanza tena kuoza watoto wao kwa shangwe, na bwana arusi wa Mji wa Kale hatoki bila upanga. Kazi hakukosa. Lakini wengi walimfuata kwa ajili ya jicho lake. Ukimpelekea kitara cha Kihindi, upanga ule uliopinda, atakichomoa alani, akielekeze kwenye mwanga wa dirisha, atazame yale mawimbi yanayotambaa kwenye bapa, kisha akate shauri: "Hiki ni chuma cha pua ya kweli," au, "Hiki kimechorwa." Hakuna aliyembishia. Kipimo chake kilikuwa kitara cha marehemu babake, kilichotundikwa ukutani. Chenye kufanana nacho ni cha kweli. Kisichofanana ni cha bandia.

Asubuhi moja jirani yake, Mwanabaraka, aliingia na kitara alichokizonga kwa leso.

"Sabalkheri, Ami Athmani. Nimefanya balaa."

Kitara kilikuwa cha babu yake, na mwanawe alitaka kukivaa siku ya arusi. Mwanabaraka alikiona kimeshika kutu, akakisugua kwa jivu na mchanga. Kutu ikatoka, na mawimbi nayo yakatoka. Karibu na mpini chuma kilikuwa kitupu, kinang'aa kama kijiko.

Athmani alitazama mawimbi yaliyosalia. Yalikuwa membamba, hafifu, mengine yamekatika njiani. Ya ukutani yalikuwa meusi tititi, yamejipanga sawasawa, kila moja kama nduguye.

"Hukuharibu kitu, mwanangu. Hiki kimechorwa. Kuna mafundi huchukua chuma cha kawaida wakachora juu yake kwa tindikali."

"Na cha kweli, Ami, mawimbi yake yako wapi?"

"Yako ndani. Pua ile huyeyushwa chunguni, ikapoa polepole, ikajifanya nyuzinyuzi tangu moyoni. Fundi hupaka maji makali ili yaonekane tu."

Mwanabaraka alifikiri kidogo. "Basi cha kweli kikisuguliwa, kisha kikapakwa tena, si yatarudi?"

Athmani alikitazama tena kitara. Yangerudi, ndiyo. Mbona hakuwahi kujaribu? Alifunzwa kutazama, naye akatazama umri wake wote. Tena nani angethubutu kukwangua urithi wa watu?

"Una ndimu nyumbani?" aliuliza.

Zikaletwa. Alifuta mafuta yote, akakamulia ndimu pale palipong'aa, akapafunika kwa kitambaa kilicholowa. Wakangoja, Mwanabaraka akieleza habari za mahari na biriani, Athmani akiitikia bila ya kusikia. Alipofunua, palikuwa pamefifia kama wingu. Kisha, kwenye mwanga, akaona uzi mmoja, na mwingine, na mwingine, zimezuka kutoka kwenye utupu, zikaungana na nyingine za upande wa pili.

"Mashaallah!" alisema Mwanabaraka.

Athmani aligeuka. Macho yake yalikuwa ukutani.

"Ami, si lazima."

"Nisipojua leo sitakula."

Alikitungua kitara cha babake, akasugua kwa msasa mahali padogo kama ukucha. Yale mawimbi mazuri yakafutika upesi, kama wanja. Akakamua ndimu, akangoja. Pakageuka kijivu, kijivu kitupu. Akakamua nyingine. Hapakuzuka kitu.

Alikaa kitako kigodani. Moyo ulimuuma, kwani baba alikienzi kitara kile mpaka kufa. Lakini chini ya uchungu kulikuwa na swali lisilompa nafasi: ni wangapi aliowaambia vyao ni bandia kwa kuwa havikufanana na hiki? Jina moja likamjia: Badawi, muuza ndizi. Akatia ndimu, msasa na kitambaa mfukoni mwa kanzu, akashika njia ya soko la Marikiti.

Alimkuta Badawi anakata vichane vya ndizi kwa kitara chenyewe, bapa lote jeusi kwa utomvu.

"Yarabi! Badawi, kitara chako wakatia ndizi?"

"Si wewe uliyenambia ni chuma cha kawaida? Nami nimekipa kazi ya kawaida." Badawi alicheka. "Ila hakiishi makali, hilo hunishangaza."

"Nipe nikitazame. Huenda nilikupotosha."

Athmani akachutama kati ya maganda, akasugua, akakamua. Wachukuzi waliweka magunia chini wakamzunguka. Kitambaa kilipoondolewa, nyuzi zilianza kupanda taratibu, nyembamba, zimekatikakatika. Badawi alikipokea kitara kwa mikono miwili, kama anayepewa mtoto mchanga.

"Nisamehe, ndugu yangu," alisema Athmani.

"Nisamehe na mimi niliyekubali bila kuuliza," Badawi alijibu, hajaondoa macho kwenye chuma. "Mawimbi yafika mpaka nchani?"

"Sijui."

Mama Kache, aliyekuwa akiuza mboga jirani, alichagua ndimu kubwa kwenye fungu lake, akawarushia. Athmani aliidaka, akakunja mikono ya kanzu, wakaanza kusugua kuelekea nchani.