Mnong'ono Chumbani kwa Binti wa Msusi

Mtaani walimwita Mama Macho, maana hakuna lililompita. Alikuwa msusi; vidole vikiwa kwenye nywele za mteja, macho yalikuwa mlangoni. Mumewe alishafariki, akabaki na binti mmoja, mtoto wa maswali: kwa nini maziwa hufurika yakichemka, kwa nini kioo cha bafuni hutoa jasho. Shule ya msingi alikuwa wa kwanza katika sayansi.

Alipoingia sekondari akanyamaza. Anarudi, anakula, anajifungia. Mama akitega sikio mlangoni, anasikia maneno yaleyale ya kigeni yakirudiwarudiwa kama mtu anayeagua. Kisha binti akaanza kuchelewa kurudi.

"Mtoto wa kike akikunyamazia wewe, ujue kuna anayezungumza naye kwingine," mteja mmoja alisema.

Neno lilimchoma Mama Macho, mkono ukavuta.

"Taratibu, dada! Hicho ni kichwa, si kamba!"

Jioni alipekua mkoba wa binti. Akakuta glasi ya jikoni mwao, imefungwa kwenye kitambaa. Ya kunywea nini? Na nani?

Kesho yake alifunga saluni mapema, akamfuata kwa mbali mpaka kwenye nyumba isiyomalizika ujenzi, nyuma ya shule. Akavua viatu, akanyata hadi dirishani, kiatu kimoja mkononi kumsubiri mwanamume aliyedhani yumo ndani.

Ndani walikuwa wasichana pekee, wa sare moja. Binti yake alidondosha tone la wino kwenye glasi ya maji.

"Tazameni. Hakuna anayekoroga, lakini linasambaa lenyewe. Linatoka palipobanana, linakwenda penye nafasi. Ndicho kile kineno cha Kiingereza tulichokariri wiki nzima."

"Kumbe ni hivi tu?" mwenzake aliuliza, karibu kulia.

"Mnajificha nini?" Mama Macho alifoka.

"Shikamoo, mama," walimwamkia wote kwa pamoja.

"Shuleni ni Kiingereza tu, mama," binti alisema. "Ukikutwa na Kiswahili unavishwa kibao cha aibu shingoni. Mwalimu akiuliza kama tumeelewa tunaitikia ndiyo, na hatujaelewa kitu."

Mama aliingia, akachungulia kila chumba, akanusa glasi. Ndipo akaketi juu ya tofali. "Hebu rudia hilo tone."

Akawapa chumba cha nyuma ya saluni, ingawa kila mara alifunua pazia kuhakikisha hakuna mwanamume. Mtihani ulipofika, binti alielewa maswali lakini maneno ya Kiingereza ya kujibia yakamwishia. Akapata alama za wastani. Kwenye kikao cha wazazi mama alisimama. "Mwanangu nilimdhania mhuni, kumbe alikuwa anajifunza! Kwa nini ajifiche?" Mwalimu mkuu akajibu kwamba sheria ni sheria. Mwalimu wa sayansi, mama mmoja kijana, aliinamisha kichwa.

Wiki iliyofuata huyo mwalimu alikuja kusukwa. Sikio lake lilielekea chumba cha nyuma.

"Wanasoma huko?"

"Wanacheza," Mama Macho alijibu upesi.

"Basi nikimaliza, naomba nikacheze nao. Hata mimi nilikariri tu."

Mama Macho alimkazia macho kwenye kioo, akimpima. Kisha akaendelea kusuka, vidole kwenye nywele, macho kwenye pazia.